Trekta Kuukuu ya Bustani na Theluji ya Nyumbani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua na Kuendesha

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili sasa zinaishi katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, kama vile Maine, Minnesota na sehemu za juu za New York. Huko theluji si weupe unaotazamwa kwa mbali juu ya kilele cha Kibo, bali ni mzigo unaoangukia mlangoni. Katika miji mingi mwenye nyumba hupewa muda maalumu wa kusafisha njia ya waendao kwa miguu iliyo mbele ya kiwanja chake. Mjini Minneapolis, kwa mfano, nyumba ya familia moja au mbili hupewa saa 24 za mchana baada ya theluji kukoma. Asiyetimiza hutozwa gharama.

Mashine mpya ya kuondolea theluji ina bei kubwa, na ndiyo sababu wengi huvutwa na matangazo ya trekta ndogo za bustani zilizoundwa kati ya miaka ya 1960 na 1980. Somo hili linahusu trekta hizo. Hatukusudii kumkataza mtu kuzinunua. Nyingi kati yake zilijengwa kwa chuma kizito na injini za silinda moja ambazo fundi wa kawaida anaweza kuzifungua na kuzifunga, na ikitunzwa, trekta ya umri wa miaka 50 inaweza kufanya kazi ya msimu mzima. Hata hivyo, ziliundwa wakati ambapo kinga ya mwendeshaji ilikuwa ndogo, na huuzwa na watu ambao mara nyingi hawafungwi na dhamana yoyote. Mnunuzi anaweza kupoteza fedha, na mwendeshaji anaweza kupoteza vidole.

Kwanza upime mzigo

Theluji hudanganya macho. Iliyoanguka sasa hivi katika baridi kali ni nyepesi, na meta moja ya ujazo yaweza kuwa na kilo 100 au pungufu. Ikilowa au ikishindiliwa na upepo, uzito huo hupanda hadi kilo 300 na zaidi. Tuchukue njia ya gari yenye upana wa meta 4 na urefu wa meta 20. Ikifunikwa na sentimita 20 za theluji, hapo pana meta 16 za ujazo. Ikiwa nyepesi, ni kilo 1,600. Ikiwa imelowa, ni kilo 4,800 au karibu na hapo. Ndiyo maana trekta iliyosukuma vizuri mwezi wa Desemba huweza kukwama mwezi wa Machi katika njia ile ile.

Mahali nako kuna hukumu yake. Wakazi wa viunga vya kusini mwa Buffalo hupata theluji inayoletwa na upepo uvukao Ziwa Erie, na mwezi wa Novemba 2022 mji wa Orchard Park ulipata karibu meta mbili katika dhoruba moja. Kwa theluji ya namna hiyo hakuna trekta ya bustani, iwe mpya au kuukuu, inayofaa. Ni kazi ya mitambo mikubwa, na mwenye nyumba hana budi kusubiri. Trekta ya bustani inafaa kwa theluji ya kawaida, ya sentimita chache hadi thelathini hivi, inayoondolewa kila inapoanguka bila kuachwa irundikane.

Bamba au kirusha

Zana za mbele ni za namna mbili. Ya kwanza ni bamba la kusukumia, ambalo kwa trekta hizi kwa kawaida huwa na upana wa inchi 42 hadi 54. Bamba ni rahisi, halina mkanda wala giaboksi, na huharibika kwa nadra. Tatizo lake ni nafasi. Theluji iliyosukumwa lazima iwe na pa kwenda, na ukingo uliorundikwa leo utaganda usiku na kuwa ukuta. Kwa hiyo anayetumia bamba na aisukume theluji ya kwanza ya msimu mbali sana kupita ukingo wa njia, hata kama inaonekana ni kujichosha bure. Asipofanya hivyo, kufikia Februari njia ya meta nne itakuwa imebaki meta mbili na nusu.

Bamba zuri huwa na springi zinazoliruhusu kulala linapogonga kitu kigumu, kama ukingo wa saruji ulioinuka. Bamba ambalo springi zake zimefungwa kwa waya au zimeondolewa litaisimamisha trekta ghafla, naye mwendeshaji atarushwa kwenye usukani. Tunapendekeza mnunuzi alisukume bamba kwa mguu, sehemu ya juu, aone kama linalala na kurudi.

Ya pili ni kirusha theluji, chenye parafujo kubwa inayozunguka ndani ya sanduku la chuma. Virusha vingi vya miaka ile ni vya hatua moja, yaani parafujo yenyewe ndiyo inayokusanya na ndiyo inayorusha. Katika theluji kavu hufanya kazi kwa ufasaha. Katika theluji iliyolowa, mdomo wa kutolea huziba mara kwa mara. Virusha vya hatua mbili vina feni ya nyuma inayopokea theluji na kuirusha mbali zaidi, ila ni vizito na vinahitaji injini yenye nguvu. Njia iliyomwagwa kokoto ina shida yake: kirusha hufyatua mawe, na dirisha la jirani halina kosa. Viatu vya chuma vilivyo pembeni mwa sanduku vishushwe ili mdomo uinuke juu ya kokoto, na theluji ya kwanza iachwe ishindiliwe iwe sakafu.

Zana isiyo na viungo vyake ni chuma chakavu

Hapa ndipo wanunuzi wanapopata hasara kubwa kuliko mahali pengine popote, na tungependa msomaji atulie.

Zana za trekta hizi hazibadilishani ovyo. Kirusha kilichoundwa kwa Wheel Horse hakifungiki kwenye Cub Cadet, na hata ndani ya chapa moja, zana ya mfululizo mmoja huenda isiingie kwenye mwingine, kwa kuwa fremu zilibadilika. Isitoshe, kirusha si sanduku na parafujo tu. Kina fremu ya kukishikilia chini ya trekta, puli moja au zaidi za kupokea nguvu ya injini, mkanda wa urefu maalumu, chemchemi ya kukaza mkanda, fimbo ya kuinulia, na fimbo ya kugeuzia mdomo. Vipande hivi hufunguliwa majira ya kuchipua na kutupwa kwenye kona ya gereji. Miaka ishirini ikipita, muuzaji haoni tena kwamba vipande hivyo ni vya zana ile. Naye mnunuzi hufika nyumbani na sanduku zito asiloweza kulifunga popote, huku fremu iliyokosekana ikiuzwa peke yake kwa bei inayokaribia ile ya kirusha kizima, ikipatikana.

Tuseme yapo matangazo mawili. La kwanza ni la trekta kwa dola 500, na muuzaji anasema kwamba kirusha “hupatikana kwa urahisi”. La pili ni la trekta ya aina ile ile kwa dola 1,000, kirusha kikiwa kimefungwa mbele na kinazunguka. Msomaji asidhani la kwanza ni rahisi. Akijumlisha kirusha, fremu, puli, mkanda, mafuta ya gari kwenda kuvifuata, na minyororo ya magurudumu ambayo yule wa pili ameiacha kwenye matairi, huenda akavuka dola 1,000 kabla chembe moja ya theluji haijasogea. Shauri letu ni hili: nunua trekta ikiwa imevaa zana yake, na uione zana ikifanya kazi. Kama zana imefunguliwa, muuzaji aifunge mbele yako. Akisema hawezi, bei ishuke hadi bei ya trekta pekee.

Kibati chenye namba ya modeli na namba ya utengenezaji kitafutwe na kupigwa picha. Namba ya modeli ndiyo itakayokuwezesha kupata kitabu cha maelekezo na vipuri sahihi. Chapa nazo zimebadilisha wenyewe: Cub Cadet, iliyoanzishwa na International Harvester mwaka 1961, iliuzwa kwa MTD mwaka 1981, na Wheel Horse ilinunuliwa na Toro mwaka 1986. Kwa hiyo msomaji asishangae akielekezwa kwa kampuni yenye jina tofauti na lile lililo kwenye boneti.

Kuikagua injini

Mwombe muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja karibu na silinda. Ikiwa ya moto, kuna jambo lililofichwa, kwani injini hizi huonyesha ugonjwa wake zinapowashwa zikiwa baridi. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili kwamba oili inaungua ndani. Moshi mweusi mara nyingi ni kabureta inayomwaga petroli kupita kiasi, na hiyo ni kazi ndogo. Chomoa kijiti cha oili: ikinuka petroli au ikiwa na rangi ya maziwa, ahirisha biashara.

Injini za Kohler za mfululizo wa K, zilizofungwa kwenye trekta nyingi za wakati huo, zina kifaa kinachopunguza mgandamizo wakati wa kuwasha. Kipimo cha kawaida cha mgandamizo husoma chini hata injini ikiwa nzima, kwa hiyo mnunuzi asiikatae kwa sababu ya kipimo hicho peke yake. Mfumo wake wa moto hutumia platini na kondensa, vitu ambavyo mafundi wetu waliojifunzia magari ya zamani huko Afrika Mashariki na Kongo wanavifahamu vyema kuliko vijana wengi wa karakana za hapa. Vipuri vya injini hizo bado hupatikana. Kwa injini za Onan za silinda mbili, zilizotumiwa kwa mfano kwenye John Deere 318, utafutaji huwa mgumu zaidi na gharama ni kubwa. Ni injini tulivu, zenye nguvu, lakini mwenye mfuko mwembamba na alifikirie hilo.

Tikisa usukani uone una ulegevu kiasi gani. Tazama mahali fremu inapopokea uzito wa zana ya mbele, kwani hapo ndipo nyufa hujificha chini ya rangi mpya. Rangi mpya juu ya trekta ya mwaka 1970 ni jambo la kuulizwa, si la kusifiwa. Kama unapanga kutumia bamba, linganisha trekta ya gia na ile ya mwendo wa haidroli. Kazi ya bamba ni kwenda na kurudi mara mia, na ile ya gia humtaka mwendeshaji akanyage klachi kila mara. Ya haidroli hubadilisha mwendo kwa mkono mmoja, ila oili yake huwa nzito kwenye baridi, nayo ipewe dakika kadhaa za kupasha kabla ya kazi.

Uzito, minyororo na baridi

Trekta isiyo na uzito wa nyuma itazungusha magurudumu mahali pamoja. Minyororo ya magurudumu ya nyuma haikwepeki, na vizito vya chuma vinavyofungwa kwenye rimu husaidia sana. Wapo wanaojaza kimiminiko ndani ya matairi. Maji matupu yataganda. Chumvi ya kalsiamu huila rimu ikivuja. Maji ya kuoshea vioo vya gari yasiyoganda mara nyingi yana methanoli, ambayo ni sumu, na kizuia-mgando cha injini huweza kuua mbwa anayekilamba. Kwa mtu wa mjini mwenye watoto na wanyama, tunapendekeza vizito vya chuma. Minyororo hukwaruza lami na saruji, na hilo ni la kukubali tu.

Oili nzito ya daraja la 30 inayofaa majira ya joto hugeuka kama asali halijoto likishuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Fuata kitabu cha injini, ambacho kwa majira ya baridi kwa kawaida hutaja oili nyepesi kama 5W-30. Betri nayo hupoteza karibu nusu ya nguvu zake baridi ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo ihifadhiwe ndani ikiwa imechajiwa. Petroli iliyokaa tangu kiangazi huacha ulimbo ndani ya kabureta. Nunua kidogo, itumie, na mwisho wa msimu aidha uimwage au uitie dawa ya kuihifadhi.

Usalama wa mwendeshaji na wa nyumba

Trekta nyingi za zamani hazina swichi ya kiti inayozima injini mwendeshaji anapoanguka au kushuka. Nyingine zilikuwa nayo, kisha mtu akaikata kwa sababu ilimsumbua. Jaribu: keti, washa, zungusha kirusha, kisha inuka kidogo kwenye kiti bila kuweka mguu chini. Injini ikiendelea, fahamu kwamba mashine hiyo haitajizima kwa ajili yako. Fundi anaweza kufunga swichi, nasi tunaihesabu kuwa sehemu ya bei ya trekta.

Kirusha kikiziba, mkono usiingizwe kamwe, hata injini ikiwa imezimwa. Parafujo iliyokwama huweza kubaki na nguvu iliyojikaza kwenye mkanda, na mara kizuizi kinapotoka huzunguka kwa ghafla kiasi cha kukata vidole. Zima injini, ondoa ufunguo, subiri kila kitu kisimame, kisha tumia kijiti kirefu. Kijiti hicho kifungwe kwenye trekta yenyewe, maana kikiachwa gerejini hakuna atakayekirudia. Pini laini inayoshikilia parafujo imewekwa ili ikatike jiwe au gazeti lililoganda linaponaswa. Ibadilishwe kwa pini ya aina ile ile. Anayeweka bolti ngumu ili “isikatike tena” atanunua giaboksi.

Mavazi yawe ya kubana mwili. Skafu ndefu, kanga iliyofungwa juu ya koti, ncha za shungi na kamba za kofia vyote hunaswa na shafti inayozunguka. Mtoto asipakatwe kwenye trekta, hata kwa mzunguko mmoja wa kumfurahisha. Na kabla ya kusukuma theluji kwenye rundo, tazama nyuma yake, kwa sababu watoto hupenda kuchimba mapango humo.

Injini isipashwe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hupenya hadi vyumba vya kulala vilivyo juu au pembeni mwa gereji. Nyumba iwe na king’ora cha gesi hiyo, na betri zake zijaribiwe kabla ya majira ya baridi. Petroli iongezwe nje, injini ikiwa imepoa.

Kwenye mteremko endesha ukipanda na kushuka moja kwa moja, usikate ubavuni. Trekta hizi hazina nguzo za kumkinga mwendeshaji zinapopinduka. Vitabu vingi vya mashine za kupanda huweka mpaka wa nyuzi 15 kwenye ardhi kavu, na juu ya barafu mpaka wa busara uko chini zaidi. Na theluji yako usiisukumie barabarani. Majimbo mengi, Minnesota likiwa mojawapo, yanakataza hilo. Bomba la zimamoto nalo liachwe wazi.

Malipo na haki za mnunuzi

Mtu binafsi anayeuza trekta yake, tofauti na mfanyabiashara wa mashine, kwa kawaida hafungwi na dhamana ya kisheria kwamba chombo kinafaa kwa kazi yake. Lakini anachotamka kama ukweli huweza kumfunga. Akisema “injini ilifunguliwa na kutengenezwa upya mwaka jana”, mwombe aliandike hilo kwenye hati ya mauzo pamoja na namba ya utengenezaji, tarehe, bei, na majina na saini za pande zote mbili. Hati hiyo pia ndiyo kinga yako ikija kudaiwa kwamba trekta iliibwa. Mfanyabiashara anayeandika “kama kilivyo” huenda amejivua dhamana, ingawa baadhi ya majimbo, Maine mojawapo, huzuia kujivua huko kwa bidhaa za matumizi ya nyumbani. Uliza ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako, na uombe mkalimani ukimhitaji.

Usitume arubuni kwa trekta ambayo hujaiona. Muuzaji anayetaka alipwe kwa kadi za zawadi, au kwa kutumiwa fedha kabla ya kukuonyesha mashine, hana mashine. Kwa vipuri vinavyoagizwa kwa simu au intaneti, kanuni ya shirikisho humtaka mfanyabiashara avitume katika muda aliotangaza, na asipotangaza, ndani ya siku 30. Akichelewa, lazima akupe nafasi ya kukubali kusubiri au kurudishiwa fedha zako. Ukilipa kwa kadi ya mkopo na kipuri kisifike, una siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye deni hilo kutumwa kwako za kuiandikia benki iliyokupa kadi. Weka nakala ya tangazo, risiti na ujumbe wote mliotumiana hadi kipuri kifungwe na kifanye kazi.